Lineti ya Pweto na Televizio ya Baba Mukwe

Banduku, bandugu yangu, mukitaka kucheka mucheke tu, juu ata miye mwenyewe siku hizi nachekaka, lakini ile siku ya posho (jumamosi) nilitamani udongo ipasuke inimeze pale pale mu duka, pamoja na lineti yangu nyeusi ya ku macho, na kaye yangu ya kuandikia bapwe, na kiburi yangu yote ya profesere wa fiziki. Nasema mapema: hakuna muntu alinisukuma. Nilijiaibisha miye mwenyewe, mbele ya bantu benye walikuya kununua frigo zabo kwa amani, mbele ya mwanafunzi wangu wa zamani, na (njo hapa inaumaka) mbele ya mama mukwe.

Kwanza mujue miye ni nani. Nafundishaka fiziki ku sekondari moja hapa Lubumbashi, na nje ya masomo niko na ugonjwa moja: picha. Bengine banaangaliaka filme, miye naangaliaka picha ya filme. Kama uko na ile HDR (kwa benye habajue, ni ile namuna picha inatosha mwangaza ya kweli na giza ya kweli, moto inawaka sawa moto, na weusi inabakia weusi, haigeuke majivu), basi miye nitakuja kwako na kaye, nitaangalia filme moja mu aplikasio ya kwanza, kisha ile ile mu aplikasio ya pili, kisha ku telefone, kisha ku kaboite kenye banachomekaka nyuma ya televizio, na kila moja naipatia bapwe juu ya kumi. Naangaliaka zaidi sura ya bantu beusi, juu kuko aplikasio ingine, ikifika mu filme ya bantu yetu, unaona tu meno na kola ya shati. Ku masomo bananiita Docteur Écran, munganga wa kioo ya televizio, na niseme kweli, nilikuwa napenda sana vile banasema. Bibi yangu Chantal, mama ya batoto bangu, yeye anasemaka: "Huyu bwana haangaliake filme. Anaifanyia egzamen."

Kitu ya pili ya kujua ni ile ya bukwe. Kwabo Chantal, bantu ba Naviundu toka zamani, mukwe mwanaume hakulake mu nyumba ya bakwe mupaka siku yenye batamuingiza. Ile siku banapika, banafunika masahani, banakushika mukono, banakuingiza mu saluni ya nyumba, unafunua, unakula, na kutoka pale uko mutoto wa nyumba. Mbele ya ile siku unakulia inje, kando ya jiko, peke yako. Na mama mukwe hamuangaliane mu macho, hamusemeshane. Akiwa na neno anaambia bibi yako, bibi yako anakuambia, ata kama muko metre mbili na ulishasikia yote. Miye nilikula inje miaka sita. Batoto bangu wenyewe banakula ndani na nkambo yabo, kisha ule mudogo anatoka na mufupa mu mukono ananiuliza: "Papa, juu ya nini weye unakulaka na bakuku?" Umujibu nini?

Shiye ni bantu ba Pweto, Bakatoliki, nkambo yangu alifanya kazi ya reli. Kwetu heshima ya mama mukwe iko, lakini hapana ya kufika pale. Basi juu ya kuonyesha kama najua kuheshimu, nilianza kuvala lineti nyeusi kila nikienda kwabo: macho ikikosea njia, lineti inafunika. Siku moja baba mukwe, Papa Mwape (muzee wa kazi, alimalizia maisha yake ya kazi mu mugodi ya Kambove, muntu wa maneno kidogo), akasema mbele ya bantu: "Huyu mukwe iko na heshima." Yooo! Kutoka ile siku sikutosha tena lineti ku macho kwabo, ata mvua ikinyesha, ata umeme ikikosekana.

Sasa mwezi ule balamu yangu, ndugu za Chantal, bakanunulia muzee televizio mupya, kubwa, ya HDR. Papa Mwape akaniita ku telefone, yeye mwenyewe. Akasema:

"Mukwe, bananiletea kitu hapa. Weye njo muntu wa masomo. Uje posho, uipime, uniambie kama ni ya kweli ao bamedanganya batoto. Na yenga, kisha misa, tutakuingiza. Muntu mwenye anapima kitu ya nyumba hawezi kulia inje."

Banduku, ile usiku sikulala. Miaka sita! Na njia ya kula mu saluni inapita ku HDR, kitu yenye naijua kuliko muntu yote mu Katanga (njo vile nilikuwa nafikiri, muniache).

Posho asubui, yaya yangu Ferdinand, mukubwa wangu, akafika kutoka Pweto na mifuko yake ya samaki ya kukausha, na ananiletea zawadi: lineti mupya, nyeusi, ya kungaa, ya polarizé, yenye bavuvi ba kule banapenda sana. "Ukivala hii juu ya ziwa," anasema, "ile kungaa-ngaa ya maji inapotea, unaona samaki chini sawa uko naye mu sahani." Nikaivala, nikajiangalia mu kioo, nikaona ministre. Chantal akasema: "Valaka ile ya zamani. Hii ni ya kuvulia samaki." Miye nikamujibu: "Wapi! Ile ya zamani iko na mukwaruzo. Kesho naingizwa, niende na mukwaruzo?" Basi nikaenda na ile mupya. Ni ile tu, banduku. Kama nilisikia bibi yangu, leo singekuwa na kitu ya kubaambia.

Tukafika Naviundu. Saluni imejaa (kuingia juu ya kazi banaachaka, ni kula njo bado), majirani bamesikia kama profesere anakuja kupima. Televizio mupya iko ku meza, na kando yake ile ya zamani, ya mugongo munene, yenye Papa Mwape alikatala kutosha juu imemutumikia miaka mingi. Mama mukwe iko mu korido, nyuma ya pazia ya mulango, na pazia imefunguka kidogo juu naye aone. Nikafungua kaye, nikachomeka kaboite, nikachukua bamega ya internet ku telefone ya Chantal, nikatia filme mu aplikasio ya kwanza.

Giza.

Hapana giza ya HDR, ile ya muzuri. Giza ya kisima. Naona sawa bantu bamepakwa masizi, na juu ya masizi tena moshi. Nikasema pengine ni aplikasio. Nikatia ya pili: giza. Nikatosha kaboite, nikaingia mu aplikasio ya televizio yenyewe: giza ile ile. Nikachukua kaboite ka zamani, kenye kamba tatu, nyekundu na nyeupe na ya manjano, nikakachomeka ku televizio ya mugongo, filme ile ile: mwangaza! Ekie! Nikatia ku telefone. Nikiishika wima, muzuri kabisa. Nikiilalisha juu filme ijae, inakufa. Mujue niliandika nini? Niliandika: "Telefone wima, nane. Telefone kulala, mbili. Aplikasio inaiba mwangaza muntu akilalisha telefone." Na nikapiga mustari chini, na bic nyekundu, na nikafikiri siku moja ile ugunduzi itakuwa na jina yangu.

Papa Mwape akasema pole pole: "Lakini mukwe, miye naona iko muzuri. Naona ata jasho ku paji ya ule muntu."

"Papa," nikamuambia, "ni macho yako haijazoea. HDR ya kweli hapana vile."

Nyuma ya pazia ikatoka sauti: "Chantal, uambie bwana yako, miye naona ata nyuzi ya kitenge ya ule mama."

Chantal akanigeukia: "Mama anasema anaona ata nyuzi ya kitenge."

"Uambie mama, na heshima yote, ile mwangaza anaona ni ya uwongo."

Chantal akaniangalia kwanza (nilijua ile macho, lakini nilijifanya sijue), akageukia pazia, akasema. Pazia ikavutwa, ikafunga. Na miye nikafikiri nimeshinda.

Kisha nikainama kuchungulia bakamba nyuma ya meza, kichwa ikalala upande, na pale, nikiwa vile, macho ikapita ku televizio: picha ikawaka! Nikasimama: giza. Nikalalisha kichwa: mwangaza. Nikaita: "Nimepata! Bamefanya vibaya upande ya mwangaza! Hii televizio inaonekana tu muntu akilalisha kichwa! Papa, lalisha kichwa!" Na Papa Mwape, muzee mwenye hakuinamishaka kichwa ata mbele ya bakubwa ba mugodi, akalalisha kichwa. Majirani nabo bakalalisha. Saluni muzima, bantu na vichwa ku mabega, sawa bakuku benye banasikiliza mwewe.

"Munaona inabadilika?"

"Naona," Papa Mwape akasema, "shingo njo inabadilika."

Lakini muzee anaheshimu masomo, njo shida. Nikasoma bapwe: televizio mupya ya HDR, mbili juu ya kumi; televizio ya mugongo munene, tisa. Akaketi, akawaza, akasema: "Kama mukwe anasema ni ya uwongo, tuirudishe."

Tukaomba kamioneti ya jirani. Mama mukwe akasema (kwa Chantal) naye anaenda, juu ni yeye alichagua ile televizio na batoto bake. Basi bo bote mbele, na miye, juu mukwe haketi kando ya mama mukwe, nikapanda nyuma, inje, nakumbatia kartoni mu jua, na vumbi, na lineti ku macho. Na banafunzi wangu bako wapi siku ya posho? Bako barabarani! "Monsieur! Monsieur! Unahama?" Nikainua kidevu. Nilijiona sawa muntu anaenda kutetea haki.

Ku duka nikaingia na kelele, sitabaficha. Nikasema: "Munauzishia bazee televizio ya kipofu!" Bantu bakaacha bafrigo, bakakuya. Akatokea muuzaji mwenyewe, mwanamuke na shati ya kazi, akaniangalia, akafurahi: "Monsieur Ilunga! Ni miye Mireille, nilisoma kwako!"

Badala ya kusalimia mutoto wa bantu, nikamuambia: "Mireille, nilikufundisha kuiba?"

Hakukasirika. Akachomeka televizio, akatia ile filme ya kuonyeshea klienti: makala (makaa) inawaka mu jiko ya babula, mikono ya mama mwenye anamenya karanga, matone ya mvua ku majani. Bantu bote bakafanya: "Ohooo!" Na miye, nguvu yote: "Giza!" Bakaniangalia. Nikasema: "Hamujue kuangalia! Mulalishe kichwa!" Na munaijua Lubumbashi yetu, muntu akisema kitu na Kifaransa kidogo na lineti nyeusi banamusikia, nusu ya duka ikalalisha kichwa, ata muzee moja mwenye alishalipa ventilatere yake ya upepo na alikuwa anaenda zake, akarudi, akalalisha kichwa na ventilatere mu kwapa.

Mireille hakulalisha. Aliangalia televizio, akaangalia kichwa yangu, kisha akaangalia lineti. Nikaona mudomo yake inaanza kutetemeka.

"Monsieur, tosha kwanza lineti ku macho."

"Siwezi."

"Juu ya nini?"

Nikashusha sauti: "Mama mukwe iko hapa."

Hakuna muntu alicheka. Mu muji yetu kila muntu anajua ile neno. Mireille akasema, na heshima, pole pole, sawa muntu anajibu ku ubao:

"Monsieur, si ni weye ulitufundisha? Mwangaza ikipita mu glasi ya polarizé inatoka upande moja tu. Ulikuya na baglasi mbili, ulizitia moja juu ya ingine, ukazungusha moja, ikawa giza. Shiye tulipiga makofi. Na ulituambia ekran ya televizio ya sasa nayo iko vile vile."

Banduku, nilikumbuka. Pale pale. Nilikumbuka ata mishale yenye nilichora ku ubao, ata vile natiaka ile swali mu egzamen kila mwaka, na mwenye anakosa namuandikia na bic nyekundu "hakusikiliza mu darasa". Lineti ya Pweto, yenye inafuta mwangaza ya maji juu muntu aone samaki, ilikuwa inafuta televizio. Na telefone kulala. Na shingo ya Papa Mwape. Yote ikanipita mu kichwa mara moja. Na mufikiri nilikubali? Miye? Nilisema: "Mireille, ile ni teori."

"Basi zungusha kichwa, Monsieur," akasema. "Aka, ulishazungusha."

Njo pale nilisikia sauti ya mama mukwe, kutoka upande ya bafrigo, anaita Papa Mwape, nguvu, kila muntu asikie: "Baba Chantal, uambie mukwe atoshe lineti. Miye simuone." Alikuwa amenigeuzia mugongo, amevuta kitenge juu ya kichwa, uso ku mulango ya frigo. Na bamama bengine benye walikuwa pale, bamama benye hatujuane, nabo bakageuka moja moja, bakaangalia bafrigo, juu ya kumupatia heshima yake.

Nikatosha.

Mawe, mama yangu! Makala ilikuwa inawaka, naona ata ile bluu kidogo chini ya moto. Ile mikono yenye inamenya karanga, mikono nyeusi, nyeusi ya kweli, kila mukunjo unaonekana, ata vumbi ya ganda ku kucha. Miaka yote natafuta picha yenye inaonyesha ngozi yetu vile iko, na iko mbele yangu, na ni miye niliipatia mbili.

"Mukwe," Papa Mwape akauliza, "unaona nini?"

"Naona, Papa."

"Nimeuliza unaona nini."

"Naona televizio iko muzuri."

Sitabaambia ile kicheko ilifanana nini. Muzee wa ventilatere aliketi chini. Bamama benye bamegeuza mugongo, mabega ilikuwa inaruka, na kitenge ya mama mukwe nayo ilikuwa inaruka. Nikabeba kartoni, nikapanda nyuma ya kamioneti. Ata lineti niliiacha juu ya frigo, sikurudi kuichukua.

Ku Naviundu Papa Mwape akanisaidia kushusha televizio, akasema bila kuniangalia: "Mukwe, ile maneno ya kesho, tuikalishe kwanza." Ni ile tu. Bananiletea bukari (ugali) yangu kando ya jiko, bakuku bakakuya, bananijua. Nililia. Kidogo, lakini nililia. Na hapana juu ya duka. Bantu ba duka batanisahau. Nililia juu yule mama aliona muzuri toka mwanzo, mu nyumba yake, na macho yake, na miye nilimutumia bibi yangu kumuambia kama mwangaza anaona ni ya uwongo. Nilivala lineti juu ya heshima, kisha na ile lineti nikamukosea heshima.

Juma yenye ilifuata nikaenda bila lineti, macho chini, nikasimama inje ya mulango. Nikasema: "Chantal, uambie mama: macho yake ilikuwa ya kweli. Yangu njo ilikuwa ya uwongo. Naomba musamaha." Chantal akasema. Miye nikahesabu vidole vya miguu yangu. Kisha: "Chantal, uambie bwana yako nimesikia."

Yenga mbili zikapita, hakuna neno. Ya tatu, kisha misa, Papa Mwape akanishika mukono ku kanisa, mbele ya bantu, akaniongoza mupaka ku nyumba, mupaka mu mulango, mupaka ndani. Saluni! Batoto bangu bako pale, bameketi, bananiangalia. Ku meza masahani bamefunika na bitambaa nyeupe. Televizio inawaka kando, hakuna mwenye anaiangalia. Papa Mwape akanionyesha sahani ya katikati: "Anza na hii."

Nikafunua. Mu sahani nyeupe, wamepangusa muzuri, inangaa, ilikuwa ile lineti ya Pweto. (Nilijua kisha kama Mireille aliichukua juu ya frigo na akapatia mama mukwe, ile siku ile ile.)

Bakacheka mupaka majirani bakakuya. Na kabla sijue nifanye nini na mikono yangu, mama mukwe akatoka nyuma ya pazia, akasimama mbele yangu, akaniangalia mu macho, miaka sita na miezi, mara ya kwanza, na akaniambia miye mwenyewe, Chantal iko pale lakini hakupita kwa Chantal:

"Mutoto wangu, hii ni ya samaki. Na samaki iko mu sahani ingine. Keti, kula."

Nikaketi kati ya batoto bangu. Ule mudogo akanisogezea mufupa wake. Nilikula, na ile samaki ilikuwa ya yaya Ferdinand, kutoka Pweto.

Kutoka ile siku niliapa: sitapima picha na kitu ku pua, na sitapatia kitu bapwe mbele ya mama mukwe hajasema. (Yeye ni mukali kunishinda. Bado hajapatia aplikasio ata moja bapwe kupita saba.) Na banduku, siku mutaona giza, na bantu bote kando yenu banasema kuko mwangaza, musibaambie kama bako vipofu. Mupitishe kwanza mukono ku pua.